ANC ya Zuberi Mtemvu: kutoka kura 337 hadi 21,276, kisha kimya

Kalamu Kavu (mwanzisha mada)

Wakuu, salaam. Naandika makala ya historia kuhusu African National Congress ya Tanganyika, kile chama alichokianzisha Zuberi Mtemvu mwaka 1958 baada ya kutoka TANU. Habari zake zimetapakaa, na nyingi zinakomea kwenye sentensi mbili. Naomba wenye ujuzi wanisaidie mahali panne.

Kwanza, kila anayeandika anasema Mtemvu "alikataa kura tatu", kisha anapita. Hiyo kura tatu ilifanyaje kazi hata mtu aone bora aachane na chama kilichokuwa kikibeba nchi nzima?

Pili, uchaguzi wa 1960 ANC ilipata kura 337. Mwaka 1962 Mtemvu akapata 21,276 dhidi ya Nyerere. Ni mara 63 ndani ya miaka miwili. Chama kilikua kweli?

Tatu, kilifutwa lini na kwa sheria ipi? Wengine wanataja 1963, wengine 1965.

Nne, kilikuwa chama cha kibaguzi kama kinavyoelezwa, au hiyo ni sifa iliyobandikwa na walioshinda?

Jalada la Manila

Mkuu, anza na karatasi ya kura. Usipoielewa ile karatasi, uamuzi wa Mtemvu utauona kama hasira tu.

Tangu 1955 viti vya wajumbe wasio wa serikali katika Baraza la Kutunga Sheria viligawanywa kwa usawa wa rangi: Waafrika 10, Waasia 10, Wazungu 10. Sasa weka hesabu ya watu pembeni yake. Kwa sensa ya 1957 Waafrika walizidi milioni 8.6, Wazungu walikuwa kama 20,000. Kiti kimoja cha Mzungu kilisimama kwa watu 2,000 hivi, kiti kimoja cha Mwafrika kwa watu zaidi ya 800,000. Huo ndio uliitwa usawa.

Uchaguzi wa 1958 na 1959 ulijengwa juu ya mgawanyo huo. Majimbo ya uchaguzi yalikuwa 10, kila jimbo viti vitatu, kimoja kwa kila rangi. Mpiga kura alipewa kazi ya kuchagua watu watatu kwa mpigo: Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja, Mzungu mmoja. Haikuwa hiari. Ukimchagua Mwafrika wako ukaacha nafasi nyingine mbili wazi, kura yako yote imeharibika, hata ile ya Mwafrika haihesabiwi. Kwa hiyo mtu asiyetaka ugawaji wa viti kwa rangi hakuwa na pa kusema hivyo kwenye karatasi. Njia zilikuwa mbili tu, kupiga zote tatu au kubaki nyumbani.

Juu ya hapo kulikuwa na masharti ya kuandikishwa. Uwe na miaka 21, uwe umekaa nchini miaka 3 kati ya 5 iliyotangulia, kisha uwe na angalau kimoja katika hivi: elimu ya darasa la nane, au kipato cha pauni 150 kwa mwaka, au wadhifa unaotambuliwa na serikali. Pauni 150 ni shilingi 3,000, yaani 250 kwa mwezi. Kuli wa bandarini au mkata mkonge hakufika hapo. (Agosti 1958 mahakama ilimtoza Nyerere faini ya shilingi 3,000 kwa kuwakashifu maofisa wa serikali katika Sauti ya TANU. Kipimo cha kustahili kura na bei ya kufungua mdomo vililingana hadi senti.)

TANU ilikutana Tabora Januari 1958 ikiwa na swali moja gumu: tushiriki au tususe? Nyerere alishikilia kushiriki, kwa sababu ya United Tanganyika Party. UTP iliundwa 1956 kwa baraka za Gavana Twining, na kama TANU ingesusa, viti vyote 30 vingeangukia mikononi mwa watu wa UTP au wa mfano wao. Serikali ingetangaza duniani kwamba wananchi wamesema. Upande wa kususa nao ulikuwa na watu wazito. Bhoke Munanka wa Kanda ya Ziwa alikuwa mmoja wao. Mwishowe mkutano ukakubali kushiriki, na uamuzi huo ndio baadaye uliitwa Uamuzi wa Busara.

Hapa ndipo waandishi wengi wanapoteleza. Wanaandika kana kwamba ukumbi mzima ulikuwa na Nyerere na Mtemvu akawa peke yake. Sivyo. Waliopinga walikuwa wengi, ila Munanka na wenzake walishindwa kwa hoja wakabaki chamani. Mtemvu akajiuzulu, akaunda ANC. Tofauti yake na hao wengine ni kwamba yeye aliondoka.

Nyongeza moja: Mtemvu hayumo katika orodha ya watu 17 walioasisi TANU Julai 7, 1954. Alikuwa miongoni mwa watendaji wa miaka ya mwanzo. Ukiandika "mwasisi wa TANU" utakosolewa.

Tarishi wa Kale

Jalada amemaliza, naongeza kilichotokea ndani ya chumba cha kura, maana ndicho kilichoiua ANC kabla haijatambaa.

Serikali ilidhani kura tatu itawalazimisha Waafrika wachague Wazungu na Waasia wa UTP. TANU ikageuza mtego. Kwa kuwa kila mpiga kura wake lazima amchague Mwasia mmoja na Mzungu mmoja, ikatafuta Waasia na Wazungu wanaokubaliana nayo ikawaunga mkono: Derek Bryceson, Lady Chesham, Amir Jamal, Sophia Mustafa na wengine. Mwanachama wa TANU akaenda kituoni na majina matatu kichwani. Uchaguzi ulipigwa kwa awamu mbili, Septemba 1958 na Februari 1959, na UTP ikafagiliwa hadi ikafa.

Sasa iweke ANC kwenye karatasi hiyohiyo. Chama kinachohubiri Afrika kwa Waafrika kinaweza kujaza nafasi moja tu kati ya tatu. Hizo mbili mpiga kura wake amwekee nani? Akizijaza, anampa kura mtu wa TANU au wa UTP. Akiziacha, ameharibu kura ya Mwafrika wake. Kwa lugha nyepesi, ANC haikuwa na maelekezo yoyote yanayotekelezeka ya kumpa mfuasi wake siku ya kura. Katika siasa ya uchaguzi hilo ni kosa la kifo, na halihusiani na uzuri au ubaya wa hoja.

Tena wale ambao hoja ya Mtemvu ingewagusa zaidi, wenye vipato vya chini mijini, ndio walioachwa nje ya daftari na masharti ya shilingi 3,000 na darasa la nane. Alikuwa na wasikilizaji wasio na kura, na wenye kura hawakuwa na sababu ya kumsikiliza.

Usisahau pia mashine ya upande wa pili. TANU ilikuwa na kadi, ada, matawi, umoja wa wanawake chini ya Bibi Titi Mohamed, vijana, urafiki na vyama vya wafanyakazi vilivyokuwa chini ya TFL (shirikisho lao) tangu 1955, na wakulima wa ushirika. Sheria ya Vyama ya 1954 ilidai kila tawi liandikishwe peke yake, na TANU yenyewe ilizuiwa kufungua matawi Kanda ya Ziwa hadi 1958. Chama kipya kisicho na fedha kilipaswa kuandikisha tawi moja moja kwa msajili yuleyule, wakati mwenzake ameshapita.

Bi Hesabu

Kwenye swali la pili, ndugu Kalamu Kavu, usilinganishe 337 na 21,276 moja kwa moja. Ni sawa na kupima kitambaa kwa kibaba.

Uchaguzi wa Agosti 1960 ulikuwa na viti 71: 50 vya wote, 11 vya Waasia, 10 vya Wazungu. Kura tatu ilishaondolewa. Masharti yalilegezwa: kujua kusoma na kuandika Kiswahili au Kiingereza, au kipato cha pauni 75, au wadhifa. Walioandikishwa walikaribia laki tisa. Lakini wagombea 58 walipita bila kupingwa, kwa hiyo kura zilipigwa kwenye viti 13 tu. Jumla ya kura ikawa kama 121,000. Katika hizo, 337 za ANC ni asilimia 0.3 hivi. Anayeandika kwamba "Watanganyika waliikataa ANC nchi nzima mwaka 1960" anasahau kwamba sehemu kubwa ya nchi haikupiga kura kabisa siku ile.

Novemba 1, 1962 ni kitu kingine. Ni uchaguzi wa rais, jimbo moja nchi nzima, watu wazima wote wana haki ya kuandikishwa, na karatasi ina majina mawili tu. Nyerere kura 1,127,978, Mtemvu 21,276. Jumla 1,149,254. Gawanya upate: Mtemvu asilimia 1.85.

Ukitaka ulinganifu wenye maana, linganisha viwango, si idadi. Kutoka asilimia 0.3 hadi 1.85 ni mara 6 au 7, si mara 63. Na hata hiyo mara 6 usiipe ANC yote. Mwaka 1960 mtu aliyechoka na mgombea wa TANU alikuwa na mgombea binafsi wa kumpa. Ndivyo ilivyotokea Mbulu: Herman Sarwatt, mwanachama wa TANU aliyesimama kivyake, akamshinda mgombea rasmi, na kiti hicho ndicho pekee TANU ilichokikosa kati ya 71. Wagombea binafsi kwa jumla waliizidi ANC kwa mbali sana. Mwaka 1962 hakukuwa na binafsi. Asiyemtaka Nyerere, kwa sababu yoyote ile, alikuwa na jina moja la kuweka alama.

Na sababu mwaka ule zilikuwepo. Vyama vya wafanyakazi vilikuwa vimebanwa na sheria za 1962 zilizofunga milango ya mgomo. Septemba ilipita Sheria ya Kuweka Watu Kizuizini. Machifu walijua mamlaka yao yanakwisha, na kweli yalikwisha mwanzoni mwa 1963. Kwa hiyo ndani ya zile 21,276 mna wafuasi wa Mtemvu, mna wenye kinyongo, na mna walioweka alama pasipo. Karatasi haitenganishi.

Linganisha na 1965: mgombea urais ni mmoja, mpiga kura anaulizwa ndiyo au hapana. Mimi nasoma kura ya Mtemvu ya 1962 kama "hapana" iliyovaa jina la mtu.

Kalamu Kavu

Bi Hesabu, umenivunjia kichwa cha habari nilichokuwa nimekipenda, lakini asante. Kuna aliyeniandikia pembeni kwamba ANC na AMNUT vilikuwa kitu kimoja na kwamba Sheikh Takadir alikuwa mtu wa Mtemvu. Ni kweli?

Tarishi wa Kale

Hapana. Ni kuchanganya faili. Vyama vidogo vya wakati ule vilikuwa na malalamiko tofauti kabisa, ila kwa kuwa vyote viliipinga TANU watu wanavifunga mzigo mmoja.

UTP ililalamika kwamba TANU inakwenda mbio mno na ni ya Kiafrika mno. ANC ililalamika kwamba TANU inakwenda polepole na inawabembeleza wasio Waafrika. Hao ni pande mbili za TANU, moja kulia moja kushoto, na haziwezi kukaa kapu moja.

Sheikh Suleiman Takadir alikuwa mwenyekiti wa Baraza la Wazee wa TANU. Alifukuzwa 1958 kwa kuingiza suala la dini kuhusu nani atakayeongoza. AMNUT ilikuwa ya Waislamu, na 1959 ilitaka uhuru usubiri hadi Waislamu wafikie wenzao kielimu. Sasa niambie, chama kinachotaka uhuru usubiri kitakuwaje kimoja na chama kilichotoka TANU kwa sababu ya kuona uhuru unacheleweshwa?

Cha 1962 kilichofanana kidogo na ANC ni People's Democratic Party ya Kasanga Tumbo. Huyu alikuwa kiongozi wa wafanyakazi wa reli, akapelekwa London kuiwakilisha Tanganyika, akajiuzulu, akarudi kwenye upinzani. Nguvu yake ilitoka kwa wafanyakazi, kitu ambacho Mtemvu hakuwahi kuwa nacho. Lakini siku ya kura ya rais jina lililokuwa kwenye karatasi ni la Mtemvu. Baadaye Tumbo alikimbilia Kenya, akarudishwa na kuwekwa kizuizini 1964, baada ya maasi ya jeshi ya Januari.

Jalada la Manila

Swali la tatu sasa, maana hapa tarehe zinagongana kila mahali.

ANC haikufutwa na sheria ya 1965. Ilikuwa imekwisha kufa. Mfuatano ni huu.

Desemba 9, 1962 Tanganyika inakuwa Jamhuri. Januari 1963 Halmashauri Kuu ya TANU inaamua nchi iwe ya chama kimoja. Hapo ni uamuzi wa chama, bado si sheria. Kilichofuata ni vyama vidogo kuishiwa pumzi kimoja kimoja: viongozi kurudi TANU, kuondoka nchini, au kunyamaza. Mtemvu alirudi TANU mwaka huohuo wa 1963, na ANC ikaisha naye. Kumbuka Sheria ya Kuweka Watu Kizuizini ilikuwa tayari na miezi kadhaa. Haikuhitaji kumgusa kila mtu ili kila mtu aijue.

Januari 1964 rais anaunda tume chini ya Rashidi Kawawa. Kazi ya tume haikuwa kuuliza kama kuwe na chama kimoja, hilo lilishaamuliwa. Iliulizwa kiweje. Aprili 26, 1964 unakuja Muungano. Julai 1965 inapitishwa Katiba ya Muda, Sheria namba 43 ya 1965: chama kimoja, TANU kwa Bara na ASP kwa Zanzibar hadi vitakapoungana, na katiba ya TANU ikaambatishwa kama sehemu yake.

Kwa hiyo andika hivi: 1963 ni mwaka ANC ilipokwisha kisiasa, 1965 ni mwaka chama chochote cha namna yake kilipokosa uhalali kisheria. Mlango ulifunguliwa tena Julai 1, 1992. Na sheria ya vyama ya mwaka huo inakataza chama kinachojengwa juu ya rangi, kabila, dini au sehemu moja ya nchi. ANC ya 1958, kwa kaulimbiu yake, ingerudishwa dirishani.

Mchambuzi Pembeni

Nimesoma kimya, naingia kwenye swali la nne kwa sababu nahofia makala itaandika "chama cha kibaguzi dhidi ya chama kisicho cha kibaguzi", jambo ambalo halilingani na kumbukumbu.

Mwaka 1958 TANU yenyewe haikuwa ikipokea Wazungu na Waasia kama wanachama. Bryceson, Jamal na Sophia Mustafa waliungwa mkono na TANU bila kuwa na kadi ya TANU. Milango ilifunguliwa kwa watu wa rangi zote Januari 1963, kikao kilekile kilichoamua chama kimoja. Maana yake ni kwamba kwa umri wote wa ANC, vyama vyote viwili vilikuwa vya Waafrika watupu kwa uanachama. Tofauti haikuwa nani anaingia chamani. Ilikuwa nani atahesabika mwananchi baada ya uhuru.

Na hoja hiyo haikufa na Mtemvu. Oktoba 1961, wiki chache kabla ya uhuru, muswada wa uraia uliletwa bungeni. Wabunge wa TANU, si wa ANC kwa kuwa ANC haikuwa na mbunge hata mmoja, walisimama kudai uraia ufuate rangi. Nyerere alitishia kujiuzulu yeye na serikali yake. Muswada ukapita. Lakini jiulize: chama kilichopata kura 337 mwaka uliotangulia kilikuwa na mawazo yaliyoweza kumfikisha Waziri Mkuu mahali pa kutishia kuondoka.

Januari 1962 Nyerere aliacha uwaziri mkuu, Kawawa akashika. Kasi ya kuwaweka Waafrika katika nafasi za serikali ikaongezeka mwaka huohuo. Hilo lilikuwa madai ya ANC tangu mwanzo, na pia ya vyama vya wafanyakazi. Serikali ikalitekeleza bila kuwataja.

Kwa maoni yangu hiyo ndiyo habari kuu ya ANC. Kura zake ni ndogo kwa sababu waliokubaliana nayo hawakuwa na haja ya kuhama TANU; walisukuma kutokea ndani. Mtemvu alitoka nje akaacha watu wa mawazo yake ndani ya ukumbi.

Tarishi wa Kale

Mchambuzi, nakubali nusu. Kudai kazi za serikali ziende kwa Waafrika na kudai uraia kwa rangi si jambo moja. La kwanza serikali ililichukua, la pili ililikataa hadharani na likashindwa bungeni. Ukiyaweka pamoja unampa Mtemvu ushindi ambao hakuupata. Kilichoshinda ni sehemu ya madai yake ambayo hata wasiompenda walikuwa wakiidai.

Na kitu kingine. Gavana Turnbull alipofika Julai 1958 alikwenda haraka kuliko Twining. Oktoba mwaka huo alishatangaza kwamba Waafrika watakuwa wengi barazani. Desemba 1959 akatangaza serikali ya madaraka. Kila tangazo lilikula nyama ya hoja ya ANC. Huwezi kuhubiri kwamba TANU imeuza uhuru wakati kila miezi michache kinakuja kipande kingine cha uhuru. Mtemvu alisema mwezi Januari kwamba njia haitafika. Kufikia Februari ya mwaka uliofuata ilionekana inafika.

Mchambuzi Pembeni

Hapo kwenye uraia umenirekebisha sawasawa. Nitenganishe.

Kalamu Kavu

La mwisho wakuu: nikitaka kuona karatasi zenyewe badala ya kunukuu walionukuu, nianzie wapi?

Jalada la Manila

Anza na magazeti, si majalada. Sababu ni kwamba majalada yamepangwa kwa ofisi na mkoa, na usipojua tarehe utazama. Magazeti yatakupa tarehe.

Tanganyika Standard la Kiingereza lilikuwa likiandika matokeo na mikutano kwa ukawaida, ila lilitazama mambo kutoka dirisha la serikali. Kwa upande wa Kiswahili soma Mwafrika (tangu 1957), Zuhra, Ngurumo (tangu 1959) na Uhuru (tangu 1961, nalo ni la TANU kwa hiyo usitegemee limsifu Mtemvu). Uwe macho na 1958: wahariri wa Mwafrika walifungwa mwaka ule kwa uchochezi, na gazeti lililotoka kuadhibiwa huchagua maneno. Ukimya juu ya ANC kwenye ukurasa si ushahidi kwamba hakukuwa na mkutano. Sehemu ya East Africana katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ndiyo mahali pa kuanzia.

Ukishakuwa na orodha ya tarehe na miji, nenda Nyaraka za Taifa, Upanga. Omba majalada ya wilaya na majimbo ya kiutawala kwa miaka 1958 hadi 1962, hasa yanayohusu vyama na mikutano ya hadhara, kwa kuwa mkutano wa hadhara ulihitaji kibali na kibali kiliacha karatasi. Matokeo rasmi ya uchaguzi yatafute kwenye Gazeti la Serikali na taarifa za usimamizi wa uchaguzi, usichukue tarakimu kwenye vitabu bila kuzijumlisha mwenyewe. Kumbukumbu za TANU zipo Dodoma kwenye chama. Kwa upande wa wakoloni, mfululizo wa CO 822 ulioko Kew, Uingereza, ndio unaohusu Afrika Mashariki kwa miaka hiyo. Ukikutana na CO 691 ujue ni Tanganyika ya kabla yake.

Ripoti za polisi utakazokuta humo zisome kwa tahadhari maradufu. Ofisa aliyetaka kuongezewa askari alikuza idadi ya watu mkutanoni; aliyetaka kuonekana ametuliza wilaya yake aliipunguza. Tafuta mkutano mmoja ulioandikwa na pande mbili, pima tofauti, ndipo uamue umwamini nani kwa mikutano mingine.

Na kuhusu jina: orodha zinaandika "A.N.C.", "African National Congress", "Congress" au "Kongresi" bila mpangilio, na miaka hiyohiyo kulikuwa na African National Congress Rhodesia ya Kaskazini na Afrika Kusini. Jalada likitaja Nkumbula, kiongozi wa ile ya Rhodesia ya Kaskazini, lifunge, si la kwako.

Bi Hesabu

Na ukifika kwenye matokeo ya 1962, nakili jumla ya walioandikishwa na kura zilizoharibika kwenye safu zake. Asilimia 1.85 niliyotoa ni ya kura halali walizogawana wagombea wawili tu. Ukiipiga kwa walioandikishwa wote itashuka, kwa hiyo andika wazi umegawanya kwa nini.